Hyasinta Shirima na Katoni ya Watu Kumi na Wanane

Katika jengo moja la ghorofa sita kwenye Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ngazi za kutoka dukani hadi stoo ya ghorofa ya nne ni sabini na sita. Wapo wapangaji wanaosema ni sabini na tano, lakini hao huiruka ile iliyovunjika baada ya ghorofa ya pili. Hyasinta Shirima hakuwahi kuiruka. Kwa miaka ishirini na miwili alizipanda na kuzishuka, wastani wa mara tisa kwa siku, katoni ya sandali za kike ikiwa kifuani, na hesabu hiyo ndiyo aliyompa daktari wa mifupa alipoulizwa goti la kulia lilianza kumsumbua lini. Daktari alikuwa ametarajia mwezi na mwaka.

Majirani humwita Mama Polycarp, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mwenyeji wa Rombo, mzaliwa wa 1966, na umaarufu wake katika jengo lile hautokani na sandali bali na kazi asiyolipwa, ambayo haina budi kuelezwa kwanza ili yaliyofuata yaeleweke.

Viatu vya jumla haviji kama muuzaji anavyotaka. Katoni hufungwa kiwandani ikiwa na namba mchanganyiko, thelathini na sita hadi arobaini na moja, kwa uwiano ulioamuliwa na mtu ambaye hajawahi kuona miguu ya wanawake wa Dar es Salaam. Thelathini na nane na thelathini na tisa huisha ndani ya wiki. Arobaini na moja hubaki rafuni hadi gundi ichoke. Kwa hiyo kila Jumatatu, kabla milango haijafunguliwa, wenye maduka hukutana kwenye korido ya chini, kila mmoja na namba zilizomlalia, wakabadilishana. Hyasinta ndiye msawazishaji. Kazi hiyo ina sharti moja, nalo alilipendekeza mwenyewe mwaka 2004 baada ya ugomvi uliofika hadi ofisi ya serikali ya mtaa: anayesawazisha huchagua baada ya wote, na kinachobaki ndicho chake. Ndiyo maana rafu ya juu ya duka lake imejaa arobaini na moja.

Mnamo Oktoba 2023 daktari alimwambia kwamba goti lile halina dawa tena ila kubadilishwa, na kwamba nafasi ya kwanza ya upasuaji ilikuwa Machi.

"Ukiendelea na ngazi hizo hadi katikati ya mwaka," alisema, "itabidi upandishwe wewe pamoja na katoni."

Hyasinta hakuhitaji kufafanuliwa. Stoo za chini hazipatikani Kariakoo, na mfanyabiashara wa jumla asiyefika stoo yake hurudi kuuza kwenye meza ya kando ya barabara. Yeye alitoka mezani mwaka 2001 na hakutaka kuonana nayo tena. Hata hivyo alilala kwa amani, kwa kuwa bima yake ya Nguzo, aliyoilipia miaka sita bila kukosa, ilitaja upasuaji wa viungo kwenye ukurasa wa pili.

Barua ya Nguzo ilimfikia Jumatatu ya tarehe 4 Desemba. Inasema, neno kwa neno: "Kwa kuzingatia maoni ya wateja wetu wapendwa, kuanzia tarehe 1 Januari upasuaji wa viungo umeondolewa katika kifurushi chako. Kama shukrani, mafao yako ya uzazi yameongezwa mara mbili." Mteja mpendwa alikuwa na miaka hamsini na saba.

Kesho yake alikwenda ofisini kwao. Kwenye dirisha la huduma kwa wateja alikaa kijana aitwaye Athanas.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kurudisha uzazi."

Athanas alisimamisha kalamu. "Kurudisha nini, mama?"

"Mmenipa uzazi mara mbili. Sikuuagiza. Hata ule wa kwanza sijaufungua. Chukueni wote, mnirudishie goti."

"Mama, kifurushi kinakuja kimefungwa. Hatuwezi kutoa kitu kimoja tukaweka kingine."

"Hata katoni zinakuja zimefungwa, baba. Tunazifungua."

"Sisi hatufungui."

"Sasa mnauzaje?"

Athanas aliinama kwenye droo. Alimpa kalenda ya ukutani na fomu ya kuhuisha bima, akamweleza kwamba mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa ya tarehe 29, saa sita mchana. Asipoirudisha, uanachama wa miaka sita unakufa.

Kampuni nyingine iliyokuwa ikizungumzwa pale mtaani ni Tulizo. Wakala wake, Jacqueline, alikuwa na kiti na mwavuli kwenye kona ya Msimbazi. Alimsikiliza Hyasinta kwa upole, akamwonyesha kwamba Tulizo wanalipia goti lote, hata mawili, ila mtu anayejiunga peke yake na ugonjwa alio nao tayari husubiri miezi kumi na miwili kwanza. Hyasinta alirudi dukani akiwa na karatasi mbili mkononi na kuzieleza kwa lugha ya kazi yake: huyu hana mzigo, yule anao, lakini bado uko baharini.

Jumatatu ya tarehe 11, baada ya namba za viatu kusawazishwa, hakuwaruhusu watu watawanyike. Alitandaza jedwali la mafao la Nguzo juu ya katoni tupu, akalilainisha kwa kiganja.

Aliyesimama karibu naye ni Zahoro, mtu wa Kilwa, miaka sitini na mitatu, muuza mabegi wa mlango unaotazamana na wake. Zahoro alikuwa mwanachama wa Tulizo kwa mwaka wa tatu, kwa hiyo kusubiri kwake kulishapita.

"Mzee Zahoro, magoti yako yakoje?"

"Yanasali mara tano kwa siku na hayajawahi kulalamika."

"Kwa hiyo goti la kwenye kadi yako limekaa tu."

"Limekaa kama begi la kijani, lisilo na mnunuzi."

"Unalitunzia nini?"

"Jamani," Zahoro aliwageukia wengine, "Mchaga akikuuliza kitu unakitunzia nini, jua ameshakitafutia mteja. Haya, unanipa nini?"

Hapo Violeth akaingilia. Violeth anauza mawigi chini ya ngazi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na mimba ya miezi minne. Alijiunga na Tulizo Oktoba, na uzazi wao husubiriwa miezi kumi.

"Mama Polycarp, huo uzazi wako wa mara mbili nipe mimi. Wangu umefungwa mpaka Agosti, na huyu wa ndani anatoka Mei. Nimeongea naye, hataki kusubiri."

"Wewe una nini?"

"Nina meno. Yangu mazima, sijawahi hata kuyang'oa."

Zahoro aligusa shavu lake. Alikuwa na magego mawili yaliyomtesa tangu mfungo wa Ramadhani, na kadi yake haikuwa na meno.

Maelewano yalichukua muda mfupi kuliko ya viatu. Hyasinta atampa Violeth uzazi. Violeth atampa Zahoro meno. Zahoro atampa Hyasinta goti. Ubishi pekee ulikuwa juu ya upande. Zahoro alikataa kutoa yote mawili. "Chukua la kulia. La kushoto nabaki nalo, sijui ya kesho."

Yakaandikwa. Daftari lipo, jalada lake lina jedwali la kuzidisha, na ukurasa wa tarehe hiyo unasomeka hivi: "Mimi Zahoro Bakili, nikiwa na akili zangu timamu, namwachia Bi. Hyasinta Shirima goti moja la kulia ambalo halijatumika. Sitalidai tena." Chini yake kuna muhuri wa duka la mabegi. Kuhusu waliokuwepo, ushahidi unatofautiana. Violeth anasema watu thelathini. Zahoro anasema tisa. Sahihi zilizopo ni kumi na saba, na moja ni ya mtu anayeapa kwamba siku hiyo alikuwa Tunduma. Wote wanakubaliana, hata hivyo, kwamba biashara ilichangamka: miwani ilibadilishwa kwa vipimo vya moyo, na mtu aliyetaka gari la wagonjwa alilipata kwa kutoa kisukari. Muuza mikanda alileta usafishaji wa figo akitaka chochote. Hakuna aliyeuchukua. Kwa mujibu wa sharti la 2004, ukabaki kwa msawazishaji.

Jacqueline aliitwa siku hiyohiyo ili ayaingize mabadilishano kwenye mtandao wa Tulizo. Alisoma ukurasa mzima, akarudia kuanzia juu.

"Mama, hii haiwezekani. Goti linafuata mwili."

"Mwili wa nani? Mwenye nalo hana shida nalo. Mwenye shida hana."

"Naelewa, lakini..."

"Limelipiwa au halijalipiwa?"

"Limelipiwa, mama."

"Basi kampuni inapungukiwa nini likitumika?"

"Aisee," Jacqueline alisema. Kisha akatazama sahihi zote zile, na huenda akaona kitu ambacho wakala yeyote angekiona. "Kwa nini hamji kama kikundi? Kikundi hakisubiri. Kila mtu anaingia na ugonjwa wake, siku ya kwanza. Goti, uzazi, meno, vyote wazi."

"Na hukusema."

"Hamkuwa kikundi. Ila kuna kanuni. Kila aliyevuka hamsini aje na wawili wasiofika thelathini na mitano. Wazee wakizidi, mzigo haupiti."

Hyasinta alimwomba arudie. Jacqueline akarudia. Wote waliokuwepo wanakumbuka kwamba Mama Polycarp aliketi juu ya katoni, jambo analowakataza wengine.

"Kumbe sisi ndio viatu," alisema.

"Mama?"

"Unafunga katoni. Unataka namba mchanganyiko, ili zinazotoka zibebe zisizotoka." Akajipiga kifuani kwa kidole. "Na mimi ndiye arobaini na moja."

Ilimchukua saa moja kupata wazee, na siku kumi na saba kuwatafuta vijana. Wazee sita, yeye akiwemo, walijiandikisha wakiwa wamesimama. Vijana hawakuamini kwamba mwili huharibika. Kwa Violeth na wasichana wenzake wa mawigi walipatikana sita. Ndipo Hyasinta akavuka hadi Gerezani, kwenye karakana za vipuri, akawakagua mafundi kwa jicho alilozoea kukagulia soli.

"Mama, mimi siumwi," fundi mmoja alimwambia kutoka chini ya lori.

"Ndiyo maana nakutaka."

Habari zilienea. Korido za Mtaa wa Aggrey nazo zikaanza kuunda vikundi, na kufikia Krismasi kijana mzima wa afya hakutoa namba ya kitambulisho chake pale Gerezani kabla ya kununuliwa chipsi kuku. Mmoja aligundulika kujiandikisha katika korido tatu. Hyasinta alimfuta. Mwingine alijisifu kwamba hajawahi kuugua tangu azaliwe, na mafundi wenzake wakaanza kumkodisha kwa kupigwa picha.

Ijumaa ya tarehe 29, saa nne asubuhi, Jacqueline alifika na fomu. Alihesabu. Alimtazama Violeth tumboni.

"Huyu naye unamweka kwa vijana?"

"Ana miaka ishirini na tisa," alisema Hyasinta. "Kanuni yako ilitaja umri. Haikutaja tumbo."

Jacqueline akaendelea kuhesabu. Vijana walikuwa kumi. Wazee walikuwa sita.

"Wazee watano wanapita, mama. Wa sita amekosa wawili wa kumbeba. Na mfumo unafungwa leo saa sita."

Orodha ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Hyasinta. Jina la sita, na la mwisho, lilikuwa lake. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kila mtu pale alishachagua namba zake kabla ya Mama Polycarp kwa karibu miaka ishirini.

"Nifute mimi," alisema Zahoro. "Mimi ninayo kadi. Magego yatasubiri."

"Hapana."

"Mama Polycarp, hivi si viatu."

"Tulishakubaliana kwamba ni viatu. Nikichagua kwanza leo, Jumatatu nani atakubali nimgawie?"

"Unaacha goti kwa ajili ya arobaini na moja?"

"Naacha kwa ajili ya sharti. Usinichanganye."

Fundi mmoja alitumwa Gerezani kutafuta wawili. Alirudi peke yake: Mtaa wa Aggrey walikuwa wamepita asubuhi. Saa tano na dakika kumi aliingia Athanas wa Nguzo, jasho likimtoka, fomu ya kuhuisha mkononi. Alihitaji mteja mmoja tu kufikisha lengo lake la mwaka.

"Mama, nimekufuata mwenyewe. Saini tu hapa, nisije nikakupoteza."

Uamuzi ulikuwa mwembamba sasa. Akisaini, angebaki na kadi yenye uzazi maradufu na isiyo na goti. Asiposaini, na kikundi kikaondoka bila yeye, angeanza mwaka bila kadi yoyote. Hyasinta alichukua kalamu ya Athanas. Aliishika muda ambao Violeth anaukadiria kuwa robo saa, na ambao kwa mpangilio wa matukio haukuweza kuzidi dakika mbili. Zahoro ndiye aliyeingilia, na anasema hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kumchelewesha.

"Kijana, una miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja, mzee. Shikamoo, samahani."

"Marahaba. Ukiumwa unatibiwa wapi?"

Athanas alishika kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni. "Nakunywa maji mengi."

"Nauliza kadi."

"Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, mzee. Kadi wanapewa wa kudumu."

"Unauza bima na huna bima?"

"Wewe unauza mabegi," alijibu Athanas, kwa hasira iliyomshangaza mwenyewe, "na nimeona nguo zako umezifunga kwenye kiroba."

Korido nzima ilicheka, Zahoro kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha kicheko kikapungua taratibu, na watu mmoja baada ya mwingine wakageuka kumtazama Jacqueline.

"Na wewe, mwanangu?" aliuliza Hyasinta.

"Mimi niko kwa kamisheni, mama."

"Miaka?"

"Ishirini na saba."

"Kadi?"

Jacqueline aliinamisha kichwa juu ya fomu zake. "Jamani, si ndiyo nawauzia nyie."

Hyasinta alimrudishia Athanas kalamu, na fomu ya Nguzo ikiwa tupu. "Andikeni majina yenu," alisema. "Wewe namba thelathini na nane, na wewe namba thelathini na tisa."

Athanas alipinga kwamba mtu wa Nguzo hawezi kuingia Tulizo. Aliombwa aonyeshe mahali palipokatazwa kwenye mkataba wake wa kurasa mbili; hapakuwepo. Alisaini saa tano na dakika arobaini. Jacqueline alijaza fomu yake mwenyewe, akajiuliza mwenyewe maswali kwa sauti kama kanuni inavyotaka, akajijibu, akajishukuru kwa kuchagua Tulizo. Katoni ilifungwa ikiwa na watu kumi na wanane. Kabla ya kuondoka, Athanas aliuliza kama Mama hawezi hata hivyo kumsaidia kufikisha lengo lake.

"Njoo Jumatatu," alimjibu. "Tutaona una namba gani."

Machi, siku tisa kabla ya upasuaji, goti la Hyasinta lilipimwa katika hospitali moja ya binafsi katikati ya mji. Daktari aliirudisha picha mezani akiwa na uso wa mtu anayetafuta maneno. Alieleza kwamba magoti bandia huja kwa namba. Goti la Hyasinta lilikuwa namba tatu. Aliyewaletea alikuwa amewapa sanduku la namba mchanganyiko. Namba tatu zilikuwa zimekwisha, na shehena nyingine ingefika Juni. Idhini ya Tulizo ilikuwa ya siku thelathini.

Daktari alitegemea machozi. Badala yake mgonjwa alisogeza kiti.

"Zilizowalalia ni zipi?"

"Samahani?"

"Namba ambazo hazitoki, daktari."

"Namba tano. Zipo saba."

"Nani mwingine mjini anabadilisha magoti?"

Daktari alitaja hospitali mbili, kwa kusitasita, kwa kuwa ni washindani. Hyasinta aliomba namba ya simu, si ya mganga mkuu, bali ya mtunza stoo. Katika hospitali ya pili alipokea mtu aitwaye Seifu, ambaye alishangaa kwanza, kisha akafurahi kama mtu aliyesubiri simu ile kwa miaka. Alikuwa na magoti manne ya namba tatu yaliyokaa tangu mwaka uliopita. Namba tano hakuwa nayo hata moja, na alikuwa na wagonjwa wawili waliolazwa wakiisubiri.

"Za kiwanda kimoja?" aliuliza Hyasinta.

"Kimoja, mama."

"Sanduku halijafunguliwa?"

"Lina plastiki yake."

"Basi moja yako kwa moja ya huku. Usafiri juu yako, wewe una wagonjwa wawili, mimi niko peke yangu."

Karatasi zilitiwa saini na waganga wakuu wote wawili, ambao kwa kauli ya daktari walikuwa hawajazungumza tangu 2016. Seifu alileta namba tatu mbili, akaondoka na namba tano mbili kwa wagonjwa wake. Daktari aliziweka mezani na, kwa kuwa sasa alimheshimu mgonjwa wake, akamwuliza anapenda ipi.

"Kuna mwingine anayengoja namba tatu?"

"Yupo. Mzee mmoja, chumba cha pili."

"Achague yeye kwanza," alisema Hyasinta Shirima. "Nipe itakayobaki."

Siku hizi anapanda ngazi sabini na sita mara nne kwa siku, daktari hamruhusu zaidi, na ile iliyovunjika bado hairuki. Daftari lenye jalada la jedwali la kuzidisha lingali chini ya droo ya duka. Baada ya kurasa za sandali na ule ukurasa mmoja wa meno na uzazi, upo mwingine wenye kichwa "Magoti". Una mstari mmoja tu: imetoka namba tano, imeingia namba tatu. Chini yake ameacha nafasi.